Kijiji cha Mengineyo

Usiku wa jana niliota shangingi la Halmashauri, lile gari kubwa la viongozi, limewasha taa moja kuomba nafasi ya kuzungumza katika Baraza la Madiwani, nami nikaandika jina lake kwenye orodha ya wachangiaji bila hata kuuliza linatoka kata gani.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mwandishi wa vikao katika Halmashauri ya Milima Saba, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Wenzangu wananiita Mama Kabrasha, kwa kuwa hakuna kabrasha la kikao lisilopita mikononi mwangu. Ajenda nazipanga mimi. Za Baraza la leo nilizipanga hivi: namba sita, usafiri wa viongozi usiochafua hewa, namba kumi na moja, ya mwisho, Mengineyo. Humo ndani ya Mengineyo niliweka huduma ya kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao.

Anayevijua vikao vyetu anajua maana yake. Tukifika Mengineyo wali umeshanukia nyuma ya ukumbi, na lolote lililobaki linaahirishwa kwa makofi. Navoneiwa, afisa ustawi wa jamii, alinijia juzi ofisini, vumbi la baiskeli limemfika magotini.

"Mama, naomba jambo la wazee lisiwekwe chini hivyo," alisema. "Lisipopita safari hii, ziara za majumbani zinafutwa, mimi narudishwa mezani. Bibi Nakunda kule juu hana mtu mwingine."

Nikamjibu kwamba ajenda ina utaratibu wake. Utaratibu wenyewe ni mimi, lakini hilo sikumwambia.

Turudi kwa shangingi. Lilikohoa mara mbili, likasogea mbele mpaka kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Miaka tisa nambeba mtu mmoja na chupa yake ya maji. Nimeunguza mafuta kumpeleka ofisi ya jirani, mahali ambapo angefika kwa miguu kabla chai haijapoa. Nimechoka kutoa moshi kwa safari zisizo na jasho. Naomba kupumzishwa."

Madiwani wakagonga meza. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Senkondo, mtu mnene mwenye sauti ndogo, akasema hoja iliyotolewa na mhusika mwenyewe haihitaji mjadala. Ikapita. Kuanzia saa ile, kiongozi akiwa safarini asitumie chochote kinachotoa moshi.

Azimio likaanza kazi kabla sijaweka nukta. Mwanasheria wa Halmashauri anasimama, anasema kwa baridi ya milima hii pumzi ya binadamu inaonekana kwa macho, na kwa hiyo nayo ni moshi mpaka ufafanuzi utakapotolewa. Madiwani wanavuta hewa na kuibana, mashavu yamejaa, wasije wakakosea. Mwenyekiti anapewa kibali maalumu cha kupumua, kimegongwa muhuri. Naandika: "Wajumbe walibaki na pumzi zao."

Ndipo wali ukaingia ukumbini ndani ya sufuria yake, ukauliza kwa adabu kama tumeshafika Mengineyo.

"Bado kidogo," nikaujibu. "Kaa hapo."

"Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti!"

Ilikuwa baiskeli ya Navoneiwa, imeegemea mlangoni, tandiko lake limefungwa kipande cha kitenge. Mwanasheria akaionyesha kwa kidole ukurasa wa Kanuni za Kudumu: anayezungumza awe amesimama. Baiskeli ikateremsha stendi yake, ikasimama wima.

"Mnapataja Mengineyo kama vile hapana watu," ikasema. "Mimi nimetoka huko asubuhi. Watu wapo, wanasubiri."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama Kabrasha, Mengineyo ni wapi?"

"Ni mwisho wa ajenda, Mheshimiwa."

"Basi twende."

Nampenda mtu yule kwa neno lile moja. Mwingine angeunda kamati ndogo.

Akakunja joho lake jekundu kiunoni, akapanda baiskeli. Madiwani walimfuata kwa miguu, pumzi zimebanwa. Shangingi tulilisukuma kwa mikono injini ikiwa imezimwa, maana nalo lilikuwa mchangiaji halali, na wali ulikuja nyuma. Njia ilikuwa ni ajenda yenyewe. Tulipanda namba saba, tukateremka namba nane, na namba kumi ilikuwa na utelezi kiasi kwamba diwani mmoja alianguka akainuka bila kutoa hata "aa".

Kumbe Mengineyo ni kijiji, tena kikubwa. Kila kitu nilichokipeleka mwisho kwa miaka kumi na tisa kilikuwa kimejenga huko. Choo cha soko kisicho na mlango kilinisalimia kwa jina. Daraja la miguu lenye ubavu mmoja liliniomba radhi kwamba haliwezi kunifikisha ng'ambo. Wote walikuwa wanaujua mwandiko wangu. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonichoma.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Nakunda. Navoneiwa alikuwa ndani, amekunja mikono ya gauni, anambadilishia shuka bila kumtoa kitandani. Amemlaza ubavu, amekunja shuka chafu mpaka mgongoni kwake, ametandika safi nusu ya kitanda, sasa anamgeuza taratibu aje upande mkavu. Huku anamuuliza habari za kuku. Bibi anaeleza jogoo alivyopigana na kivuli chake, na anageuzwa bila hata kukatisha hadithi.

Mimi nimeona viongozi wakizindua mambo mengi kwa mkasi na utepe. Sijaona kazi iliyofanywa kwa heshima namna ile. Nilimwonea fahari kana kwamba nimemzaa mimi, halafu nikaona haya.

"Shikamoo bibi," Mwenyekiti akasema. "Baraza limekuja kukusikiliza."

"Marahaba. Mmechelewa, lakini karibuni."

Mwanasheria, mashavu yamejaa, akatoa tena ule ukurasa: anayezungumza awe amesimama, wengine wote wawe chini yake. Bibi Nakunda alikuwa hajasimama kwa miaka mitatu. Nikajua jambo linaahirishwa, na kalamu yangu ikaanza yenyewe kuandika "linaahi".

Mwenyekiti akavua joho, akalitandika kwenye sakafu ya udongo, akalala chali.

"Laleni jamani," akasema. "Tukiwa chini sote, aliye kitandani ndiye aliyesimama."

Wakalala. Madiwani thelathini na wawili, kuanzia miguu ya kitanda, kupita mlangoni, mpaka uani kwenye kuku. Shangingi likatoa upepo wa matairi yote manne, likashuka pole pole kwa adabu. Nami nikalala na daftari kifuani.

Bibi Nakunda akatutazama mmoja mmoja. Hakuwa na haraka.

"Mimi sitaki mengi," akasema. "Nataka nigeuziwe dirishani, nijue nani kapita na kabeba nini. Na nataka Jumanne. Huyu binti akisema atakuja Jumanne, iwe Jumanne. Msiniletee siku nyingine mkaipa jina hilo."

"Wanaokubali?" Mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo!"

Pumzi zote walizobana tangu ukumbini zikatoka kwa mkupuo. Ukungu mweupe ukajaa nyumba. Mwanasheria akaunusa, akafikiri, akatamka kwamba ule haukuwa moshi.

"Umeandika?" Bibi akaniuliza.

"Nimeandika, bibi. Lakini liko namba kumi na moja."

"Si ulihamishe?"

Namba kumi na moja ilikuwa pale uani, mawe mawili marefu yamesimama sambamba kama tarakimu zake. Nikasema jambo lenyewe ni zito, na utaratibu hauruhusu. Bibi akamwambia Navoneiwa achume majani makavu ya mgomba, akayasokota mwenyewe kwa vidole vyake vilivyopinda, akanipa ngata ya kuwekea mzigo kichwani.

"Shingo wima, mwanangu. Ukiinama litakuangukia."

Natwikwa. Nalia kwa uzito, nasema waziwazi kwamba sitaweza, na huku natembea. Napita namba kumi. Napita tisa na nane. Baiskeli inanitangulia ikipiga kengele watu wanipishe. Namba sita inasogea yenyewe kando. Nafika namba tatu, nalitua, madiwani kule nyuma wanapiga makofi wakiwa bado wamelala.

Nikaamka. Kumepambazuka, shingo imekaza haigeuki kushoto wala kulia. Nikajiambia nimelalia mto vibaya. Baraza ni saa nne. Makabrasha yako ofisini ndani ya boksi, hayajagawiwa, na Mengineyo iko pale pale nilipoiacha. Ndoto ni ndoto, nikasema, na utaratibu ni utaratibu. Nikanyoosha mkono kuchukua simu nione saa.

Kulikuwa na ujumbe wa Navoneiwa.

"Shikamoo mama. Nimepitia kwa Bibi Nakunda kabla ya kikao, maana leo ni Jumanne. Nimemwambia wewe ndiye unayepanga ajenda. Anakusalimu sana, na anauliza shingo inaendeleaje."

Saa moja kamili nilikuwa ofisini, nachapa upya ukurasa wa kwanza, ule wa ajenda.