Kitabu cha Maiti Anayesuka Nywele

Walikuwa sebuleni wakinijadili mimi na mwanangu kama vile mimi sipo. Jamani, mgonjwa hapungukiwi masikio! Ukuta wetu mwembamba, kila neno lilinifikia kitandani. Aliyeshika usukani ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alihamia kwetu nilipotoka hospitali mara ya mwisho. Anapika, anafua, ananigeuza nisipate vidonda vya mgongo, na simvunjii heshima. Ila siku ile ningekuwa na nguvu za kusimama, ningetoka nimpe vidonge vyake.

"Mtoto wa miaka kumi na moja anasoma habari za maiti!" alisema. "Maiti anatoka kaburini, anaingia jikoni kumsuka mwanawe nywele! Na mama mtu amelala pale anasikiliza, katulia tuli. Samaki mkunje angali mbichi, mdogo wangu. Hiki ni kitabu cha watu wazima."

Mume wangu, fundi wa majokofu, alinyamaza. Namjua huyo. Akinyamaza ujue keshakubali.

Kitabu hicho nilikichagua mimi, tena makusudi. Kabla ya kuugua nilikuwa msomaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, kiwandani kwa wachapaji. Kazi ile ni ya watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti pamoja na kila nukta na mkato, mwenzake anafuata kwa penseli, akitafuta makosa. Binti yangu alikuwa akitoka shule anakuja kunisubiri pale, akaidaka kazi, mpaka wenzangu wakamwita Kasuku. Dawa zilipoanza kunichosha macho, Kasuku akawa ananisomea kila alasiri, kwa mtindo uleule wa kiwandani. Tulicheka sana. Huwezi kuogopa mzimu ambaye kila akipiga hatua mbili anawekewa mkato.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinanisumbua. Mume wangu na dada yake walikata shauri kwamba mtoto asiambiwe. Kwake yeye mimi naumwa mgongo, nitapona. Daktari mwenyewe hakunimung'unyia maneno, alinieleza kuwa sitamaliza msimu huu wa mvua. Nami nilitaka mwanangu alisikie hilo kutoka kwangu, nikiwa bado na sauti. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nafungua mdomo, naishia kumuuliza kama amekula.

Basi kitabu kikawa ndio mdomo wangu. Mama wa kitabuni naye aliugua, akamficha mwanawe ugonjwa huo, akafa bila kuaga, ndiyo maana kaburini hatulii. Kasuku alikuwa akifika mahali anaweka kidole kwenye mstari, ananiuliza.

"Mama, huyu mtoto alibaki na nani?"

"Na baba yake. Na shangazi mmoja, mkali lakini ana mapenzi."

"Nywele alikuwa anasukwa na nani, kabla mama yake hajaanza kurudi?"

"Alijifunza kujisuka. Mwanzoni alikuwa anatoka kama kifagio."

Akacheka, kisha akalia kidogo, nami nikamshika mkono. Tulikuwa tunazungumza, na sote wawili tulijua tunazungumza nini. Naapa tulijua.

Alasiri iliyofuata akauliza, "Kwa nini hakumwambia mapema?"

"Fungua ukurasa, utaona," nikamjibu. Jibu lilikuwa palepale. Nilishajiandaa kwamba akilimaliza tu nitamwambia: na mimi vilevile, mwanangu. Kasuku akafungua, akasoma kwa ile sauti yake kavu: "Maiti akasukuma mlango wa jikoni mkato akamketisha mwanawe chini mkato akasema nukta pacha..."

Wifi alikuwa akipita mlangoni na beseni la nguo. Beseni likadondoka, maji yakatapakaa ukumbi mzima, na kitabu kikanyakuliwa mkononi mwa mtoto kabla maiti hajasema neno.

Jioni hiyo, walipomaliza kikao chao, mume wangu akaja kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Mtoto anaota maiti," alisema. "Anaamka anapiga kelele, godoro limelowa. Nimemwona kwa macho yangu. Unataka nifanyeje?"

"Huyo maiti ni mimi, baba Kasuku."

"Usiseme hivyo!"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nirudishie kitabu, siku moja tu. Au mwambie wewe."

"Nimwambie nini? Utapona." Macho yalikuwa mekundu. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikatamani kumzaba kofi. Akaondoka na kitabu, akaenda kukifungia karakanani kwake.

Kesho yake Kasuku aliletwa na shangazi yake, ameshika kitabu kipya cha picha, cha kifaranga aliyepotezana na mama yake. Wifi alikinunua kwa nia njema kabisa. Akavuta kiti mlangoni, akaanza kuchambua mchele, asibanduke.

Kasuku akasoma. Kifaranga akamuuliza bata, akamuuliza mbuzi, hakuna aliyemwona mama. Kasuku akaacha kusoma, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mama, na akimkosa?"

Wifi akainua uso. Mchele ukanyamaza kwenye ungo.

Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nikafungua mdomo.

"Atamkuta," nikasema. "Mama yake yupo tu."

"Kweli, mama?"

Alikuwa ananikazia macho. Hakuwa anauliza habari za kuku.

"Kweli, mwanangu."

Akakifunga kitabu, na kifaranga alikuwa bado hajafika kokote. Akakiweka mezani karibu na dawa zangu, akainuka, akavuta shuka kunifunika miguu.

"Ugua pole, mama," akasema, kama wanavyosema majirani wakija kunitazama, akatoka.

Wifi akatabasamu, akaendelea kuchambua mchele wake.

"Umeona, wifi yangu? Leo hata hakulia."