Kasoro Haikuonekana

Jumanne ya kwanza ya Septemba, saa moja na nusu asubuhi, Verna Stuckey alikuwa anakaanga mayai ndani ya trela mpya ya safari, iliyoegeshwa uani kwake nje kidogo ya mji wa Salina, Kansas, mvua ilipoanza kunyesha humo ndani. Haikuwa tone moja moja. Ilikuwa mvua ya haki, kutoka darini mpaka kwenye zulia. Nje jua linawaka na mbwa wa jirani kajilaza vumbini. Verna alifunika kikaango.

"Inanyesha?" aliuliza Orval, mumewe, kutoka kitandani.

"Inanyesha."

"Basi nirushie kofia."

Walikula mayai na kofia kichwani. Trela ilikuwa na siku kumi tangu itoke yadi ya wauzaji, na waranti yake, yaani ahadi ya kutengenezewa bure, ilikuwa ya mwaka mzima, kwa hiyo hawakuwa na wasiwasi wowote. Waliinunua kwa sababu ya macho ya Orval. Daktari alikuwa amesema yanaliwa kuanzia katikati, na ngano ikifika kuvunwa, mwezi wa sita, hatakuwa anaona kitu. Orval alikuwa na ombi moja tu duniani: aione milima ya Teton, kule Wyoming, kabla giza halijamfikia. Pesa ambazo wangelipia hoteli zilikuwa zimeishia kwenye trela hiyo hiyo.

Verna akaifunga nyuma ya pikapu akairudisha yadi. Meneja wa gereji aliitwa Garth Dillard, mwanamume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Kando ya meza yake palikuwa na kapu la miavuli yenye jina la yadi. Garth alichomoa mmoja, akaufungua, akaingia ndani ya trela, akakaa humo robo saa. Alitoka viatu vikichuruzika, akaandika kwenye fomu: Kasoro haikuonekana.

"Garth, umeingia na mwavuli," Verna alisema.

"Ni utaratibu wetu, Bi Verna."

"Na hayo maji?"

"Kuna maji, sikatai. Lakini waranti inasema kuvuja. Kuvuja ni maji ya nje kuingia ndani. Sasa nje kuna mvua?"

"Hakuna."

"Basi haivuji."

Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, alisema ataagiza dari nyingine kutoka kiwandani Indiana, ila trela ibaki yadi mpaka ifike. Dari haikufika Oktoba. Novemba ilifika ya trela nyingine. Januari theluji ilianguka humo ndani ikafika magotini, na Garth akapiga simu kwa upole kumjulisha Verna kwamba theluji ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haimo kwenye waranti. Kila wiki Verna alikwenda yadi, na kila wiki aliambiwa wiki ijayo. Ahadi za Garth zilikuwa tamu, jamani, ungedhani anakuchumbia.

Ngano ikaiva, ikavunwa. Asubuhi moja Verna alimkuta Orval anamimina kahawa kando ya kikombe, kwa utulivu kabisa, na kahawa inatiririka mpaka sakafuni. Alimshika mkono, akauweka mahali pake. Kisha akatoka kwenda nyuma ya ghala, akalia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa, maana ndivyo alivyokuwa. Alikuwa amenyang'anywa, tena na watu wanaomwita Bi Verna.

Julai, waranti ikiwa imebakiza wiki tano, Garth alimwita achukue trela yake. Orval alishika kiwiko cha mkewe wakaenda wote. Fomu ilikuwa mezani tayari. Kasoro haikuonekana. Mteja atie sahihi hapa.

Orval alisogea mpaka kwenye mlango wa trela, akasimama.

"Matone makubwa leo," alisema. "Upande wa jiko ndiko yanakoshuka hasa."

Verna aligeuka. "Unayaona?"

"Nayaona moja moja, bibie. Wewe sikuoni, huyo Garth simwoni. Mvua naiona."

Garth alishusha macho akaanza kupanga kalamu zake.

"Umesikia?" Verna alimwambia. "Kipofu kaiona. Macho hayana pazia, Garth, lakini yako umeyashonea. Miaka sita nilikupeleka shule kwa basi langu, kiti cha tatu kushoto, na kila Jumatatu ulinitapikia. Niliandika matapishi hayakuonekana? Nilichukua ndoo nikafuta!"

"Bi Verna, mimi naajiriwa tu. Tia sahihi nikupe funguo."

Verna alichukua kalamu, na kwenye mstari wa sahihi akaandika kwa herufi kubwa kama za ubavuni mwa basi la shule: INANYESHA.

"Hapo panatakiwa jina."

"Ndilo jina lake."

Garth aliitazama karatasi, akaitia kwenye faili pamoja na nyingine. Akatoa funguo. Halafu akainama, akanong'ona: "Ofisi kuu watakupigia kuuliza kama umeridhika. Nakuomba useme kumi. Kwetu sisi tisa ni sawa na sifuri."

Verna alichomoa mwavuli kapuni bila kuomba. Kwenye meza ya pili, mume na mke walikuwa wanatia sahihi ya kununua trela ya aina ile ile, na muuzaji akawapa mwavuli, zawadi ya yadi. Verna aliwaambia kwamba itanyesha. Walimshukuru wakaendelea kutia sahihi.

Aliendesha siku mbili, Nebraska yote na sehemu kubwa ya Wyoming, na nyuma mvua ikichuruzika chini ya mlango barabara nzima. Aliegesha dirisha likitazama milima.

"Ipo?" Orval aliuliza.

"Ipo. Mirefu, haina vilima vya kuitangulia. Ina theluji juu na haimwogopi mtu."

"Kama wewe," alisema Orval, akacheka, akafuta machozi au mvua.

Simu ililia saa tatu asubuhi. Alikuwa binti wa ofisi kuu, mwenye sauti ya adabu.

"Kuanzia moja mpaka kumi, mama, umeridhika kiasi gani?"

"Subiri." Verna aliinyoosha simu kuelekea darini. "Unasikia nini?"

"Mvua, mama. Kubwa."

"Iandike."

"Fomu haina mahali pa mvua. Ina namba tu."

"Sifuri."

"Inaanzia moja."

"Moja basi!"

Binti alibofya kompyuta yake. "Nimeandika kumi, mama. Wakiona moja, wanatugeukia sisi."

Orval alikuwa ameshika mwavuli juu ya meza, anapaka siagi mkate wake, na hakukosea hata kidogo. Kesho yake saa tatu Verna aliwapigia yeye mwenyewe. Aliwapigia na keshokutwa, na kila siku mpaka waranti ikaisha, na baada ya kuisha pia, akawaambia inanyesha. Walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kila siku, wakaandika kumi.