Tulipomaliza Mkopo

Siku tuliyomaliza mkopo wa halmashauri, wenzangu walipiga vigelegele mpaka majirani wa Nkuhungu wakatoka nje. Mimi nilinuna. Ndiyo, nilinuna, na sioni haya kusema.

Tulikuwa wanawake watano, maana halmashauri haimkopeshi mwanamke mmoja mmoja, inakopesha kikundi. Tulinunua mashine ya kusaga siagi ya karanga, ikawekwa kwangu. Wao wana waume, na ule mlio mume gani ataustahimili? Wangu nilishamzika Mvumi, na mwanangu Damas yuko Mwanza, hupiga simu akikumbuka. Basi kila asubuhi walikuja kwangu. Munira anakaanga, Tabu anapepeta, wengine wanafunga makopo, na umbea huo! Hakuna ndoa ya mtaa huu ambayo hatukuijadili. Nikisikia hodi ya kwanza tu, moyo unatulia.

Sasa biashara ikakua. Munira akataka kufungua yake kwao Kondoa, Tabu akapata fremu ya duka sokoni. Kwenye kikao nikawaomba, "Jamani, tuchukue awamu ya pili, tununue mashine kubwa."

"Awamu ya pili ya nini tena, mama Damas?" Tabu akacheka. "Tumeshasimama. Kila mtu ajitegemee sasa."

Wakanyoosha mikono kuvunja kikundi. Wangu peke yake ulibaki chini.

Halafu, kwa wema wao, wakaniachia mashine bure. "Wewe huna wa kukusaidia," Munira akasema huku amenikumbatia. "Ichukue tu."

"Munira, mashine ya nini? Mimi nawataka nyinyi."

Akanipiga bega. "Ah, una vituko wewe!" Wakamaliza soda zao, wakaaga.

Nikaanza kusaga peke yangu. Karanga za Kongwa zinasagika hata bila maneno, sikatai. Wateja wananunua, wanaondoka. Nikawa namwongezea mtu kijiko cha bure ili asimame kidogo tuongee, lakini wafanyakazi wa maofisi hawa, lo, wote wana haraka. Nikizima mashine, chumba kinakuwa kimya mpaka natamani kuiwasha tena bila karanga. Upweke jamani unauma, asikudanganye mtu.

Jumatatu nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda kwa Erick, yule kijana wa maendeleo ya jamii aliyetusimamia.

"Shikamoo mama! Hongera sana, kikundi chenu ni cha mfano. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nataka mkopo mwingine."

"Safi kabisa! Safari hii mko wangapi?"

"Niko mimi."

Akaweka kalamu chini. "Mama, utaratibu unaujua. Peke yako hatuwezi kukukopesha. Niletee wenzako wanne tu, hela ipo."

"Wewe Erick," nikamwambia mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, "hela baki nayo. Hao wanne ndio niliokuja kukopa."