Zambarau ya Mzee Dominiko

Nimesoma vioo vya hadubini miaka kumi na mmoja katika maabara ndogo hapa Manundu, na sipendi kubishiwa na kitu nisichoweza kukiona kwa macho matupu. Alhamisi ile nilibishiwa.

Jumatatu uliletwa usaha kutoka Handeni, wa Mzee Dominiko, mkulima wa Kang'ata aliyejikata mguu kwa jembe. Niliupaka kwenye kioo, nikautia rangi kama kawaida: zambarau, iodini, spiriti ya kuoshea, kisha nyekundu. Bakteria wa kundi moja hung'ang'ania zambarau hata wakioshwa. Wa kundi la pili huiachia, wakachukua wekundu. Niliona vidonge vidogo vya duara, vya zambarau, vimekusanyana, tele. Nikampigia Daktari Habakuki, aliyemlaza mzee: ni kundi la kwanza. Akaanza dawa siku hiyohiyo.

Sasa Alhamisi, sahani niliyooteshea usaha uleule imejaa ukijani na harufu tamu ya ajabu. Nikapaka, nikatia rangi. Vijiti vyekundu vitupu, kidonge hata kimoja hakuna! Nikarudia, vijiti. Nikailaumu spiriti, nikailaumu sahani, nikajilaumu mwenyewe, nikarudi kuilaumu spiriti. Zambarau ya Jumatatu imekwenda wapi? Nilichanganyikiwa hadi chai ikapoa mezani.

Simu ikaita. "Ritha, dawa imeshindwa," alisema Daktari Habakuki. "Uvimbe umepita kifundo. Kesho asubuhi tunaukata mguu. Bintiye yuko njiani kuchukua majibu ya karatasi."

Nikamwambia karatasi itakuwa tayari, nikakata simu. Mgonjwa mmoja, majibu mawili, nami sijui lipi la kweli.

Bintiye, Serafina, alifika saa nane, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilipompa kalamu asaini daftari, nikaona kucha zake zina rangi ya zambarau.

"Umeshika nini, dada?"

"Jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Nilikuwa nampaka baba kabla hatujampeleka hospitali. Kwetu kila kidonda ni jivii tu. Manesi walikifuta, lakini ile haitoki upesi."

Jivii! Rangi ileile ninayoitumia mezani kwangu. Nikakitoa kioo cha Jumatatu, nikakitazama upya. Vidonge havikulingana, vingine vilikuwa na pembe kabisa. Hawakuwa bakteria. Ilikuwa dawa ya kupaka iliyoganda, nami nikaipa kundi. Vijiti vyekundu vilikuwepo pembeni, vichache, nikavipita kwa haraka zangu.

Mficha uchi hazai. Nilipiga simu mbele ya Serafina.

"Daktari, dawa haijashindwa. Nimekosea mimi. Nilikupa kundi lisilo lake, na bakteria alionao dawa ile haiwagusi. Nakuomba msikate kesho."

Nikasikia mtu akikohoa wodini.

"Siku tatu zimepotea, Ritha."

"Ndiyo, daktari."

"Naanza nyingine sasa hivi. Nangoja mpaka Jumapili. Zaidi ya hapo siwezi."

Nikaweka simu chini. Nilitamani Serafina anitukane. Ningejua pa kuanzia. Yeye alikuwa akiitazama ile karatasi ya majibu aliyokwisha kuisainia daftarini.

"Kwa hiyo baba alikuwa anameza dawa ya mdudu ambaye hayupo?"

"Ndiyo, dada."

"Na huyu aliyepo, mnamjua?"

"Kundi lake nalijua," nikasema. "Jina lake, bado."