Kobe Aliyepigwa Vanishi

Mtaani walimwita Mng'aro, na yeye aliliona jina hilo kuwa cheo. Alikuwa fundi wa kupiga vanishi, na katika maisha yake hajawahi kukutana na kitu ambacho Mungu alikimaliza. Alipiga vanishi meza, milango, vigoda vya jikoni, mipini ya visu, hata fimbo ya baba mkwe wake, ambayo tangu siku hiyo ilikuwa inamponyoka mzee wa watu mkononi. Ile methali ya ving'aavyo na dhahabu aliichukia kabisa. Alisema aliyeitunga hakujua kushika brashi.

Alijaliwa binti mmoja tu, na huyo naye hakumwacha alivyozaliwa. Usikae hivyo. Usicheke hivyo. Nywele gani hizo mbele ya wageni? Watu wakiuliza binti anafanya kazi gani, baba anajibu meneja, ilhali mwenyewe alikuwa karani na kazi yake anaipenda. Binti alivumilia mpaka akachoka, akafunga virago akahamia chumba cha kupanga. Mlangoni alimgeukia akamwambia, "Baba, mimi si kabati."

Mng'aro hakuelewa. Nani kasema ni kabati? Alimuuliza mkewe, mkewe akaendelea kukunja nguo.

Tangu hapo binti alikuja kwa nadra, akakaa ukingoni mwa kiti na mkoba wake mapajani kama mtu anayengoja zamu, na hakumwomba baba yake hata glasi ya maji. Kwa hiyo siku alipoingia na kisanduku na kusema ana ombi, Mng'aro nusura alie kwa furaha. Ndani ya kisanduku mlikuwa na mtoto wa kobe, mviringo, anayeenea kiganjani, jina lake Kisoda. Binti alikuwa anapelekwa na ofisi yake kwenye mafunzo marefu, na mama yake anaogopa kila kitu kinachotembea bila viatu.

"Baba, nisikilize vizuri. Kila asubuhi mtoe juani, ila awe na kivuli cha kukimbilia. Mpe majani mabichi, umnyunyizie unga wa ganda la yai. Muogeshe kwa maji ya vuguvugu, yasimfike puani. Gamba lake ni mfupa, na mfupa bila jua haukomai. Na usimpake kitu chochote. Hata mafuta."

"Nimekusikia, mama."

Kusikia alisikia. Siku za mwanzo alifanya yote kama alivyoagizwa, akamtwangia Kisoda maganda ya mayai kwa mkono wake mwenyewe. Tatizo ni kwamba macho ya fundi hayana likizo. Kila alipomwangalia yule mtoto aliona gamba lililofifia, lina michirizi, kingo zake zimepauka kama kisigino cha kiangazi. Alijizuia, akajizuia tena. Mwishowe akajiuliza swali lililomponza: mtoto wako akikuachia kitu, utamrudishia kilekile? Huo utakuwa upendo gani?

Akampangusa Kisoda kwa kitambaa laini, akachagua brashi nyembamba kuliko zote, akampiga mkono wa kwanza wa vanishi. Ulipokauka akampiga wa pili. Na kwa haki ya Mungu, kazi ilitoka. Ungeweza kuchania nywele mgongoni mwa yule kobe.

Hapo ndipo ufundi ulipogeuka kuwa balaa. Kila fundi wa vanishi anajua kuwa kazi mpya haianikwi, maana jua litaitia malengelenge na kuipasua. Mng'aro hakuwa mzembe. Akamhamishia Kisoda stoo, kwenye rafu, katikati ya makopo, mahali ambapo jua halijawahi kumtia mtu hasara.

Habari zikaenea. Majirani wakaja kujitazama kwenye mgongo wa kobe, na mmoja akarekebisha kilemba chake hapohapo. Mwisho akaja Mwenyekiti wa mtaa, mtu mnene wa maneno, ambaye alikuwa anajenga ofisi mpya kwa ajili ya kuonyesha kwamba anajenga.

"Fundi, wewe si mtu wa mtaa huu tu, wewe ni wa dunia!" alisema, akimvika kilemba cha ukoka mchana kweupe. "Siku ya uzinduzi kobe huyu atakaa mezani mbele ya mgeni rasmi. Na makabati yote ya ofisi nani atayapiga? Nikuulize wewe!"

Mng'aro akavimba kichwa mpaka kofia ikambana. Binti alipopiga simu kuuliza hali, alimjibu kwa moyo mweupe.

"Kisoda hajambo?"

"Anang'aa, mama!"

"Jua anapata?"

"Tunamtunza kama yai."

Yai lenyewe lilikuwa limeanza kulainika. Kisoda aliacha kula. Alikuwa anafumba macho na kufungua mdomo kama anataka kusema jambo, kisha anaghairi. Asubuhi moja Mng'aro alimshika ili amfute vumbi, na kidole gumba kikadidimia. Gamba lilibonyea kama mkate uliolowa chai.

Alisimama pale stoo. Mti ukibonyea hivyo yeye anajua maana yake: umeoza ndani, na hakuna vanishi ya ugonjwa huo. Aliogopa vibaya sana. Wazo lake la kwanza, aibu ilioje, lilikuwa kungoja uzinduzi upite. Mkewe, ambaye hajawahi kumgusa kobe, alimchukua Kisoda kwa mikono yake miwili akamtia kwenye kisanduku.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Vaa viatu."

Daktari wa wanyama alikuwa mama mmoja asiye na muda. Alimgeuza Kisoda huku na huku, akamnusa, akavua miwani.

"Nani kampaka hivi?"

"Fundi mmoja," alisema Mng'aro.

"Huyo fundi ana akili timamu?"

"Ana uzoefu."

"Uzoefu wa nini?"

"Wa makabati," alijibu Mng'aro. Neno lile alikuwa ameshalisikia mahali.

Dawa ya matone alipewa, lakini iliyobaki ilikuwa ni yaleyale ya binti: jua, majani, ganda la yai. Na vanishi yote itoke. Isitoke kwa petroli wala kwa msasa, ni kwa maji ya vuguvugu, mswaki laini na ukucha, kidogo kidogo. "Ukiwa na haraka, utamzika," alisema daktari, akaita anayefuata.

Basi Mng'aro akaweka brashi chini. Kila asubuhi alikaa uani na beseni, akibandua kwa ukucha kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Alizoea kuongeza, kupunguza hakukujua. Vidole vilimuuma, jua likamchoma utosi, na Kisoda akimtazama bila shukrani yoyote. Siku kobe alipong'ata jani la kwanza, mzee mzima alijifuta machozi kwa kiwiko, kisha akamwambia mkewe ni vumbi.

Uzinduzi uliahirishwa na kuahirishwa, maana mgeni rasmi alikuwa anazindua kwingine. Mwenyekiti alipokuja hatimaye kumchukua kobe wa kioo, alikuta gamba limekomaa, gumu, lakini lina mabaka na mikwaruzo, kama ukuta uliobanduliwa matangazo.

"Fundi! Umefanya nini? Shughuli ni kesho!"

"Alikuwa anakufa."

"Sasa si amepona? Mpige mkono mmoja tu. Hata mbele peke yake, nyuma hakuna atakayeona. Ofisi yenyewe tumeipaka rangi upande wa barabarani."

"Hapana."

"Na makabati je? Mafundi wako wengi."

Mng'aro alimfunika Kisoda kwa kiganja chake.

"Makabati nitayapiga ukitaka, Mwenyekiti. Huyu si kabati."

Mwenyekiti akaondoka akinung'unika, na alipotoka getini, nyuma yake alikuwa amesimama binti na begi la safari begani, mkoba mkononi. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

Binti alikuja akamnyanyua Kisoda, akambonyeza mgongoni kwa kidole gumba. Gamba halikubonyea. Kisha akamgeuza kwenye mwanga, na katika mfereji mmoja wa gamba, mahali ukucha haukufika, kitu kikametameta.

"Baba."

Mama alisimama mlangoni. Alimjua mumewe, akawa anasubiri asingizie mvua au gundi ya jirani.

"Nilimpiga vanishi," alisema Mng'aro. "Mikono miwili. Halafu nikamnyima jua ili isipasuke. Nusura nimuue, mama."

Binti alimgeukia kwa hasira.

"Nilikwambia usimpake kitu."

"Uliniambia."

"Nilikwambia tangu zamani, Baba."

Mng'aro aliitazama mikono yake, kucha zimechakaa mpaka nyamani. "Uliniambia," alisema. "Sikukusikia. Nisamehe."

Binti alimweka Kisoda chini penye jua, akavuta kiti, akakaa. Mkoba aliuacha chini, kisha akaegemea nyuma.