Jumamosi ya Asuya

Ndege nne ndogo za injini moja zilitua mfululizo Provideniya, upande wa Urusi, na Merle Kulukhon, rubani wa ile ya mbele, alijua kuna jambo hata kabla hajazima injini. Hii ilikuwa safari ya urafiki kutoka Alaska, ya kwanza tangu mpaka ufungwe miaka arobaini na ushei, na uwanjani hapakuwa na ngoma wala watoto. Palikuwa na askari wawili, mkalimani, na mwenyekiti wa mji akifunga vifungo vya koti mbiombio.

"Tulidhani mmeghairi," mwenyekiti alisema. "Jana tulikuwa hapa wote. Telegramu ilisema Jumamosi."

Telegramu aliiandika Merle. Katikati ya bahari inayotenganisha pande hizo mbili umepita mstari wa tarehe: ukiondoka Nome, kwao Alaska, Jumamosi, huku unafika Jumapili. Kila rubani wa Nome analijua hilo, na Merle ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine, tena kwa majigambo.

"Na mama yangu mdogo, Asuya?"

"Bibi Asuya? Huyo alifika kabla ya watu wote, akakaa mpaka jioni. Leo alfajiri mwanawe kamchukua kwa boti kwenda kambi ya uwindaji, mwendo wa siku mbili." Mwenyekiti alivua kofia. "Mtuwie radhi. Bila shaka tulisoma vibaya."

Kibali chao kilikuwa cha siku moja tu. Merle angeweza kunyamaza, maana radhi ilishaombwa na mtu mwingine. Uso ulimwaka.

"Hamkukosea. Niliandika siku ya kwetu. Kosa ni langu."

Mwenyekiti alicheka, akampiga begani. "Si mmefika, ndugu yangu? Yaishe."

Kwao yaliisha. Lakini mama yake Merle alikuwa bado ndani ya ndege, mkanda kiunoni, akingoja kushikwa mkono ashuke akamwone mdogo wake. Merle alimweleza kwa Kiyupik, macho chini. Mbele ya wenyeji aliona haya. Mbele ya mama alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama alifungua mkanda. "Alikuwa akiningojea wapi?"

Merle alipouliza, mwenyekiti alionyesha pipa tupu la mafuta kando ya uwanja. Mama akashuka, akajikongoja hadi pale, akalikalia. Walimletea chai, wakamletea samaki, wakamwita kwenye karamu, hakunyanyuka. Alikaa pale mpaka saa ya kuondoka, na Merle alijaza mafuta ndege zote nne, hata zisizo zake, akimpa mgongo.