Chumvi Juu ya Chumvi

Nabiswa si mzembe, asije mtu akamwonea. Tangu Tiffany, bintiye wa miaka miwili, aanze kuhara, yeye ndiye aliyebaki naye nyumbani mtaani Tassia, mkewe Triza akiwa kiwandani. Alichanganya dawa kwa mkono wake, sukari na chumvi kwa lita moja ya maji, kama alivyosikia majirani wakisema. Maji yenyewe aliyachemsha nusu saa nzima, na dawa akaionja akaona iko sawa. Lakini kadiri mtoto alivyokunywa ndivyo alivyozidi kulia kiu, na baba akazidi kumnywesha. Saa nne asubuhi macho yakamgeuka, mwili ukakakamaa.

Nabiswa alifika zahanati mbio, mtoto begani, mguu mmoja hauna kiatu.

"Umempa nini?" aliuliza muuguzi, Sista Nthambi, huku akimtafuta mtoto mshipa wa kutilia dripu.

Akamwonyesha chupa ya dawa aliyokuja nayo. Sista akaonja, akatema kwenye sinki.

"Baba Tiffany, hii maji umetoa wapi?"

"Kwa mfereji wa ploti tunayoishi, sista. Mwenye kuuza maji tamu hakupita leo. Lakini nilichemsha vizuri!"

"Hiyo ni ya kisima, ilikuwa na chumvi kabla uongeze ingine! Na ukichemsha, maji ndiyo inatoka na mvuke, chumvi inabaki. Si umeona kitunguu cha kachumbari kikitiwa chumvi kinavyotoa maji? Sasa damu yake imejaa chumvi, na inavuta maji kutoka ndani ya seli, hata za ubongo."

Nabiswa alimgeukia bintiye kitandani. Yeye! Yeye mwenyewe, kijiko kwa kijiko, ndiye aliyekuwa akimkausha mwanawe. Alinyakua chupa ya maji safi mezani akamkimbilia.

Sista alimdaka mkono. "Wacha! Ukimjaza maji mara moja, seli zitafyonza haraka, ubongo uvimbe. Hii inarudishwa polepole."

Basi akakaa, akatazama dripu ikidondoka, roho mkononi. Saa nane mchana Tiffany akafumbua macho.

"Baba, maji."

Sista alimpa Nabiswa kikombe na kijiko. "Sasa unaweza. Kidogo kidogo."

Nabiswa alichota, akaonja. Akachota tena, akaonja tena. Yalikuwa maji safi kabisa, lakini hakuuamini tena ulimi wake, akayarudisha kikombeni.

"Sista," alisema, machozi yakimtiririka, "tafadhali, mpe wewe."